Aliyelala Ndani ya Koti la Katibu

"Mfunue," alisema Inspekta.

Hapo ndipo tulipoachana, na najua wapo waliokunja gazeti kwa hasira wakaapa hawatanunua tena. Mbona mmenunua? Haya, sogezeni viti. Shuka linafunuliwa.

Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Jana alasiri askari wa Serikali ya wageni waliumiminia risasi mkutano wa Chama. Mtu mmoja mwenye koti la kijivu akaanguka hatua chache kutoka jukwaani. Koti lile mji mzima ulilijua. Lilikuwa la Katibu wa Chama, mtu aliyekuwa akiwaambia wageni mchana kweupe wafunge mizigo yao waende kwao, mtu aliyetafutwa mwaka mzima bila kukamatika. Ndani ya kola askari walikuta alama ya uzi mwekundu, alama ya dobi. Asubuhi wakamfuata dobi mwenyewe aje mochwari, aseme koti ni la nani na aliyelivaa ni nani.

Dobi huyo ndiye Mama Dobi wetu. Na Mama Dobi alikuwa na siri kubwa kuliko chumba kile cha maiti. Katibu hakufa! Katibu alikuwa nyumbani kwake, stoo ya nyuma, katikati ya mashuka ya hospitali, amevaa shati tupu. Jana alipita kuchukua koti lake aende jukwaani, akaambiwa halionekani. Mtu yule alikuwa na kasoro moja tu, hawezi kusimama mbele za watu bila koti. Akakaa juu ya furushi kulisubiri, ananung'unika. Milio ya risasi ilimkuta bado ananung'unika.

Sasa ndani ya koti alikuwamo nani?

Mnazijua tabia za madobi. Kama hamzijui, basi mmevaliwa sana nguo zenu. Suti yako ukiipeleka Jumatatu, usidhani inakaa kwenye msumari ikikungoja. Inakwenda harusini. Inakwenda kuposa. Inacheza dansi na kumwagiwa soda. Kisha inafuliwa, inapigwa pasi, na wewe unaipokea unasifu, "Dobi huyu ana mkono safi!"

Mama Dobi alikuwa ameikataza tabia hiyo dukani kwake mpaka sauti ikamkauka. Lakini alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Mkunjo, kwa sababu mikunjo ya suruali zake ilitosha kukata kidole. Mkunjo alipenda nguo kama wenzake wanavyopenda chakula. Na tangu jana Mkunjo hajarudi.

Njia nzima kuja mochwari mama wa watu aliomba jambo moja. Aliomba awe mtoto wa mwingine. Mungu amsamehe, na sisi tumsamehe.

Mhudumu akavuta shuka.

Uso ulikuwa umefungwa kitambaa. Kilichokuwa chini ya kitambaa, Inspekta alisema, si cha kumwonyesha mwanamke. Mama Dobi hakuuhitaji uso. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya kifua, na kwenye kifundo palikuwa na kovu la moto lenye umbo la ncha ya pasi. Kovu lile alilipaka asali yeye mwenyewe, mwenye mkono akiwa hata shule hajaanza, analia, na yeye anamwambia, nyamaza, mwanamume hana kilio.

Akashika ukingo wa meza.

"Mwulize," Inspekta akamwambia Sajini.

Sajini alikuwa mkalimani, aliyeletwa kutoka mbali makusudi ili asiwe na ndugu wala jamaa mjini. Akajikohoza. "Mama, koti hili ni la nani?"

"La Katibu."

"Una hakika?"

"Uzi ni wangu. Nimeutia mwenyewe."

"Na huyu aliyelivaa, unamtambua?"

Mama Dobi akautazama tena ule mkono.

Mfikirieni. Akisema, "Huyu ni mwanangu," atapewa mwanawe. Atamwosha, atamzika, atamlilia kwa jina lake mpaka sauti iishe. Lakini neno hilo hilo litawaambia kwamba Katibu yu hai, na nyumba ya kwanza kupekuliwa itakuwa ya kwake. Jioni watanyongwa Katibu na mwenye stoo, na binti yake atabaki hana mtu. Na huyu aliyelala hapa ataitwa mwizi wa koti.

"Mama, Bwana Inspekta hana siku nzima."

"Ndiye," alisema.

"Ndiye nani? Mtaje."

"Ndiye Katibu."

Mdomo ulikuwa umemtangulia. Moyo ulifika baadaye, ukakuta maneno yamekwisha kusemwa.

Inspekta alivua kofia, akajifuta jasho, akacheka kama mtu aliyetolewa mwiba. Akasema maneno mengi kwa lugha yao.

"Anasema asante," Sajini alitafsiri. "Anasema umeisaidia Serikali."

"Mwambie nimesikia. Naweza kwenda?"

"Bado. Kuna shahidi wa pili."

Mlango ukafunguliwa. Ee, wasomaji wangu! Aliyeingia, katikati ya askari wawili, ni mke wa Katibu!

Mji mzima ulimwita Shemeji, kwa kuwa mumewe alikuwa kaka wa kila mtu. Walikuwa wamemtoa jikoni, mikono bado ina unga. Njiani walimwambia mumewe amekufa, na uso wake ulikuwa umekwisha kuwa uso wa mjane.

Akasogea mezani. Akatazama miguu. Akatazama mikono.

Mke haambiwi. Mama Dobi aliiona furaha ikimpanda Shemeji kutoka kifuani, ikafika shingoni, inakuja usoni, na Inspekta amesimama hapo hapo anamtazama. Pumzi moja tu ilibaki, na yote yangeharibika.

"Shemeji, jikaze!" Mama Dobi alimdaka mkono, akaubana mpaka mifupa ikalia. "Ndiye mumeo. Mimi nimeshawaambia. Ndiye, mwanangu, ndiye!"

Shemeji akageuka amshangae. Ndipo akayaona macho ya Mama Dobi.

Kila wiki kijana mmoja alikuwa akimletea nguo mlangoni, anapiga hodi kwa mbwembwe, "Shemeji, mzigo wa waziri mkuu umefika!" Shemeji aliyatazama tena yale macho, akautazama ule mkono wenye kovu, akaelewa.

Furaha ilimfia usoni. Alichokitoa baada ya hapo hakikuwa mchezo wa kuigiza. Alijitupa juu ya maiti akalia kilio kilichowafanya hata wale askari wawili watazame viatu vyao.

"Umetoka nyumbani mzima! Umetoka umependeza! Nani atamwambia mama yako? Nani ana mdomo wa kumwambia mama yako?"

Na mama yake amesimama pale, hatua moja, hana ruhusa ya kudondosha chozi. Dobi gani analilia nguo za mteja?

Shemeji akanyanyuka, akamkumbatia Mama Dobi, akamtia mdomo sikioni.

"Lia, Mama," alinong'ona. "Lia sasa. Watadhani unanililia mimi."

Mama Dobi akalia. Alilia ameuma kanga ya mwenzake, asije akatamka jina.

"Basi, basi," alisema Sajini, na sauti yake nayo ilikuwa ikikwaruza. "Bwana Inspekta anasema inatosha."

"Nipeni nikamzike," Shemeji alisema.

Sajini akauliza, akajibiwa, akainamisha kichwa. "Hazikwi na ndugu. Atazikwa leo alasiri ndani ya ua wa gereza, bila alama. Serikali haitaki kaburi la watu kukusanyikia."

Mama Dobi alikuwa amejiandaa kwa mengi, ila si kwa hilo. Kisha akamwambia Sajini, kwa sauti ya dukani kabisa, "Mwulize kama naweza kulinyoosha hilo koti. Limekunjamana. Watu watasema ni kazi yangu."

Inspekta aliposikia alicheka tena, akapunga mkono. Dobi ni dobi tu, amwache afanye.

Hakuwa na pasi. Alikuwa na viganja. Alifunga vifungo vyote isipokuwa kimoja, kilichokuwa kimekwenda na risasi. Alilaza kola. Alipitisha mkono begani, kifuani, akashuka mkononi mpaka kwenye kovu, na hapo mkono wake ukakaa zaidi kidogo kuliko kazi ilivyotaka.

"Tayari," alisema.

Akatoka nje bila kugeuka.

Nyumbani alimkuta binti yake mezani anapiga pasi, macho yamevimba. Binti huyu wanamwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba. Naye, wasomaji, alikuwa hajui lolote. Hajui kaka yake alivaa nini jana. Hajui stoo kuna nani. Alikuwa ameambiwa mle mna mashuka ya wagonjwa wa homa ya matumbo, asithubutu kufungua. Mama yake aliona msichana wa miaka ile siri hukaa kwake kama maji kwenye chujio. Mtakuja kuona kosa hilo limegharimu nini.

"Mama! Ni kweli amekufa Katibu?"

"Ni kweli."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Kitinda akalia upya, machozi yakichemka juu ya bamba la pasi. "Na kaka je? Hujasikia habari zake? Wenzake wote wamerudi."

"Yuko mahali," alisema Mama Dobi. "Ametulia. Piga pasi."

"Mahali gani?"

"Nimesema piga pasi!"

Akachukua ufunguo, akaingia stoo, akafunga kwa ndani.

Katibu alikuwa pale pale juu ya furushi, ndevu zimeanza kuchomoza. Alikuwa amesikia kelele za barabarani kwamba amekufa, na kwa mtu aliyekufa alikuwa na maswali mengi.

"Mama, wamepata koti langu? Nani alilivaa? Maskini gani huyo? Tutawatafuta ndugu zake, Chama kitamzika kwa heshima..."

"Mkunjo," alisema Mama Dobi.

Katibu akafunga mdomo.

Huyu ndiye mtu aliyeweza kuzungumza tangu adhuhuri mpaka machweo bila kunywa maji. Alitazama mikono ya shati lake, kana kwamba koti lingekuwa pale.

"Alilichukua asubuhi," Mama Dobi alisema. "Sijui alikuwa anataka kumpendezea nani. Kuna msichana, nadhani. Nilikuwa sijaambiwa bado." Akakaa chini, juu ya furushi jingine. "Nimewaambia ni wewe. Mkeo naye amesema ni wewe. Wanamzika gerezani, bila jina."

Katibu akasimama. Akafunga vifungo vya shati mpaka juu.

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni. Niwaambie mimi ndiye. Wakupe mwanao."

"Kaa chini."

"Mama, siwezi kuishi kwa..."

"Kaa chini, nakwambia!" Alikuwa ananong'ona, na mnong'ono ule ulikuwa mbaya kuliko ukelele. "Nimemkana mtoto wa tumbo langu mbele za watu. Nimemgusa kama mzigo wa mteja. Halafu wewe unaniletea uungwana? Peleka huko! Ukitoka hapa unyongwe, mimi nitakuwa nimemkana kwa ajili gani? Niambie, wewe msemaji. Kwa ajili gani?"

Msemaji akakaa. Akajifunika uso kwa shuka la hospitali, mabega yakamtikisika.

"Usiku utavuka mpaka," Mama Dobi alisema. "Vijana wako wanajua njia. Ukifika huko, sema. Sema mpaka hawa watu waondoke. Na siku wakiondoka, uje uwaambie watu wa hapa, pale gerezani amelala nani."

"Nitakuja."

"Usiniahidi kama uko jukwaani."

"Nitakuja, Mama."

Huko nje sauti zilikuwa zinaongezeka. Wafua vyuma walikuwa wameacha karakana, wachukuzi wameacha mizigo njiani, maduka yalikuwa yanateremsha milango. Katibu aliye hai hakuwahi kuwatoa watu makazini namna ile kwa hotuba zake zote. Alikuwa anasikiliza msiba wake mwenyewe kupitia ukuta wa mabati, na kila waliposema "Kwaheri Katibu," alijikunyata kama mtu anayerushiwa mawe.

Sasa tumwache hapo, turudi mbele dukani, maana kuna mtu ameingia.

Ni Muuza Mkaa, aliyeleta gunia la mkaa wa pasi. Mtu huyu, tangu nimjue, hajapata kusema "sijui." Ukimwuliza mvua itanyesha lini atakutajia na saa.

"Pole, Kitinda. Sote tumefiwa," alisema, akaangusha gunia. "Mkunjo yuko wapi, hata hatumwoni kwenye maombolezo? Au ndiyo amekwenda kujificha uvunguni?"

"Kaka yangu hajifichi uvunguni!"

"Basi alikuwa anakimbia nini jana? Nimemwona kwa macho yangu mawili, baada ya risasi. Anakata kona ile ya posta, miguu haigusi chini. Suruali imenyooka vilevile!" Akacheka. "Nikasema, huyu Mkunjo hata akikimbia kifo hataki kujikunja."

Hakuona kitu. Alikuwa kwake, chini ya kitanda, na mkewe shahidi. Lakini Kitinda aliweka pasi chini, akamshika mikono miwili.

"Umemwona? Baada ya risasi? Yu mzima?"

"Mzima kama wewe. Ila nyuma yake walikuwapo askari wawili." Uongo ukishapata miguu hautaki kukaa. "Nadhani walimkamata."

"Wamemkamata!" Na msichana alicheka, machozi yanamtoka. Mtu aliyekamatwa yu hai. "Amekaa na njaa tangu jana, masikini! Na Mama hajui!"

"Basi nenda kituoni ukamwulizie. Wenzio wamejaa kule tangu asubuhi. Eleza vizuri tu, kimo chake, umri wake, alama zake, watakutafutia."

Kitinda hakusubiri. Alifungasha mkate kwenye kitambaa, akachagua shati safi la kaka yake, akatoka mbio.

Mama Dobi alipotoka stoo alikuta moshi. Pasi ilikuwa imeachwa juu ya shuka, inakula kitambaa taratibu, na Muuza Mkaa amesimama anaitazama kama haimhusu.

"Kitinda yuko wapi?"

"Furahi, Mama Dobi! Nimempa habari njema. Mkunjo yu hai, yuko mikononi mwa polisi. Nimemwambia akamwulizie."

"Amekwenda wapi?"

"Kituoni. Kwa Inspekta."

Kovu la pasi ndiyo alama ya kwanza ambayo Kitinda angeitaja. Mama Dobi aliruka gunia la mkaa, akatoka bila viatu.

Na barabara, ndugu zangu, ilikuwa imejaa watu kutoka ukuta mpaka ukuta, wote wanakuja upande wake. Walikuwa wanaimba polepole, wamejifunga vitambaa vyeusi. Wa mbele walimwona mwanamke wa makamo anakuja mbio, kichwa wazi, analia kwa sauti. Walimjua. Ndiye aliyekwenda kumtambua Katibu wao. Nani mwingine alistahili kufarijiwa siku ile?

"Mama Dobi! Pole, Mama!"

"Nipisheni!"

"Jikaze, Mama. Tumefiwa sote."

"Nipisheni, nawaomba! Binti yangu..."

"Analilia binti yake sasa. Masikini, amechanganyikiwa. Mshikeni asianguke!"

Wakamshika. Wafua vyuma wenye mikono kama koleo walimkumbatia mmoja baada ya mwingine, wanamlilia begani, wanamshukuru kwa kumfulia Katibu miaka yote ile. Kadiri alivyosukuma ndivyo walivyombana kwa huruma. Hakuweza kuwaambia kwa nini anakimbia. Kila mmoja wao angekufa kwa ajili ya Katibu, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kulisikia neno hilo akanyamaza.

Juu ya mabega yao aliziona ngazi za kituo cha polisi, mwisho wa barabara. Inspekta alikuwa ametoka kuvuta sigara, anatazama maandamano, Sajini ubavuni mwake. Msichana mwenye shati jeupe mkononi alikuwa anapanda ngazi mbili mbili.

"Kitinda!" Mama Dobi aliita.

Wimbo ulilimeza jina.

Kitinda akafika juu. Akawaamkia kwa adabu, kama alivyofundishwa. Na Sajini akainama kumsikiliza.